Lateksi ya Polistairini Imegoma: Soma Dalili Kabla ya Kuongeza Pasalfeti

Wengi wanaotengeneza lateksi, yaani chembe za plastiki ya polistairini zilizotawanyika ndani ya maji, kwa mara ya kwanza wana tiba moja kwa kila ugonjwa: kuongeza pasalfeti. Maji hayajageuka meupe? Ongeza. Mmenyuko umesimama njiani? Ongeza. Chembe zimekuwa kubwa mno? Ongeza tena. Mwongozo huu unapingana na tabia hiyo. Potasiamu pasalfeti ina kazi tatu ndani ya chupa moja. Inazaa radikali huru, vipande vya molekuli vyenye elektroni pweke, zinazoanzisha minyororo ya polima. Inaacha vikundi vya salfeti kwenye ncha za minyororo hiyo, na vikundi hivyo ndivyo vinavyozipa chembe chaji hasi ili zikimbiane. Tena ni chumvi, na chumvi ndiyo inayoondoa kukimbiana huko. Huwezi kuongeza kazi ya kwanza bila kuongeza na ya tatu.

Mapishi ninayoyafuata hapa ni haya: maji yaliyokenekwa gramu 180, stairini gramu 20, pasalfeti gramu 0.15 iliyoyeyushwa katika maji mengine gramu 20, nyuzi joto 70 za Selsiasi, mizunguko 350 kwa dakika, naitrojeni juu ya mchanganyiko, saa 24, bila sabuni yoyote. Chombo ni chupa ya duara yenye shingo tatu, kondensa, na kikorogeo cha fimbo kinachoshuka kutoka juu. Mwaka 1974 Goodwin, Hearn, Ho na Ottewill wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha mlinganyo unaotabiri kipenyo cha chembe kutokana na kiasi cha stairini, pasalfeti, chumvi na joto. Ukiyaweka mapishi haya ndani yake unapata karibu nanomita (nm) 500. Hiyo ndiyo shabaha yetu. Wanaotumia sabuni ya SDS (sodiamu dodesili salfeti) nitawagusa panapohusika.

Mmenyuko wenye afya unaonekana hivi. Mwanzoni maji ni maangavu na matone ya stairini yanazunguka juu. Ndani ya saa moja hivi, ukimulika tochi kutoka ubavuni, maji yana ubluu hafifu: chembe zimezaliwa, bado ndogo sana. Kisha weupe unakolea mpaka inakuwa kama tui. Matone ya mafuta yanapungua kadiri saa zinavyokwenda, na harufu kali ya stairini inafifia. Andika saa ya kila hatua. Daftari lenye saa hizo litakufaa kuliko kifaa chochote nitakachokitaja baadaye.

Saa mbili zimepita, maji bado maangavu

Pima joto ndani ya chupa, usitegemee lile la beseni. Beseni likisoma 70, ndani huweza kuwa 64 ikiwa chupa haikuzama vya kutosha au feni inaipuliza. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa nyuzi 80 pasalfeti hupungua hadi nusu kwa takriban saa 2, kwa 70 huchukua saa 8 hadi 10, na kwa 60 huchukua zaidi ya siku nzima. Aliye kwenye 62 anasubiri radikali ambazo bado hazijazaliwa.

Joto likiwa sawa, mshukiwa wa pili ni oksijeni. Wanafunzi wengi humkimbilia mshukiwa mwingine, kizuizi kinachowekwa kiwandani ili stairini isigande ikiwa dukani, yaani tetabutilikatekoli, TBC. Fanya hesabu uone. TBC huwekwa kwa kawaida sehemu 10 hadi 15 kwa milioni. Gramu 20 za stairini zina basi miligramu 0.2 hadi 0.3, yaani chini ya mikromoli 2. Maji ya chumbani yaliyoshiba hewa yana oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, kwa hiyo katika mililita 200 kuna karibu mikromoli 50. Oksijeni inamzidi TBC zaidi ya mara ishirini na tano, na kila molekuli yake inaweza kumeza radikali. Kwa kasi ambayo pasalfeti yetu inazaa radikali kwenye nyuzi 70, oksijeni hiyo peke yake inatosha kuchelewesha mwanzo kwa nusu saa. Kama hewa inaendelea kuingia kupitia shingo iliyolegea, kuchelewa hakutakuwa na mwisho.

Dawa yake ni kupitisha naitrojeni ndani ya maji kwa nusu saa kabla ya kuweka pasalfeti, kisha kuuinua mrija ukae juu ya uso wa maji. Ukiuacha ndani utaipeperusha stairini yako nje polepole. Asiye na mtungi wa naitrojeni achemshe maji kwa dakika kumi na kuyapoza yakiwa yamefunikwa. Hayatakuwa safi kabisa, lakini sehemu kubwa ya oksijeni itakuwa imetoka. Hewa iliyobaki juu ya mchanganyiko itabaki kuwa udhaifu wa njia hiyo.

TBC tuiondoe hata hivyo, kwa sababu kiasi chake hubadilika kutoka pipa hadi pipa na kutuharibia ulinganifu. Tikisa stairini na mmumunyo wa kostiki soda wa asilimia 10 katika faneli ya kutenganishia, mara mbili au tatu, mpaka tabaka la chini lisibadilike rangi tena, halafu suuza kwa maji mpaka litmasi isionyeshe besi. Tumia siku hiyohiyo au hifadhi kwenye jokofu salama la maabara, kwa maana sasa haina mlinzi. Na stairini inayoweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi haitaki jiko la wazi karibu, hasa Dar es Salaam au Mombasa ambako chumba chenyewe hufikia joto hilo.

Stairini ya zamani, au iliyonunuliwa kwa mafundi wa faibaglasi, ipime kwanza: dondosha matone machache kwenye ethanoli. Ikitokea wingu jeupe, tayari ina polima ndani na haifai bila kukenekwa upya.

Mwisho kabisa ndipo utazame pasalfeti yenyewe. Kwenye unyevu wa pwani kopo lililofunguliwa mara nyingi hufanya madonge na nguvu yake hupungua. Iweke kidogo kwenye mmumunyo wa potasiamu ayodaidi: iliyo hai hutoa rangi ya njano inayokolea kuwa kahawia taratibu. Iliyokufa haitoi kitu; tupa, fungua kopo jipya. Kuweka mara mbili ya iliyokufa ni kuweka chumvi tu.

Ilianza vizuri, kisha ikasimama

Harufu si kipimo. Chukua gramu 2 za lateksi, ongeza chembechembe ya haidrokwinoni kuizima, kausha kwenye oveni mpaka uzito usibadilike. Kwa mapishi haya, ikiwa stairini yote imegeuka, utabaki na gramu 0.18. Ukipata 0.12, umefika kama theluthi mbili. Tahadhari moja: kama bado kuna mafuta yanayoelea, sampuli uliyochota chini haina sehemu yake ya stairini, na hesabu itakudanganya.

Sababu ya kwanza ya kuuliza ni umeme. Ulikatika usiku? Jiko likipoa hadi nyuzi 45, uzalishaji wa radikali unakaribia sifuri, na chupa inapopoa inavuta hewa ndani. Ukiuwasha moto moja kwa moja umeme ukirudi, unarudi mwanzo na oksijeni mpya. Rudisha naitrojeni kwanza dakika 20, ndipo upandishe joto.

Sababu ya pili ni asidi. Pasalfeti inapovunjika hutoa ayoni za haidrojeni, na pH hushuka chini ya 3. Katika asidi hiyo sehemu ya pasalfeti huvunjika kwa njia isiyozaa radikali. Bikaboneti ya sodiamu kidogo hutuliza hali, ila nayo ni chumvi: kwa mlinganyo uleule wa Bristol, kuongeza milimoli 10 kwa lita za chumvi ya aina ya mezani kunasogeza kipenyo kutoka nm 500 hadi karibu 600. Mimi siiweki isipokuwa nikitumia vinili aseteti, ambayo asidi na besi zote huivunja.

Kama umefika asilimia 90 na zaidi, usiongeze chochote. Pandisha joto hadi 80 au 85 kwa saa moja au mbili. Pasalfeti iliyobaki itavunjika haraka na kumaliza stairini iliyojificha ndani ya chembe.

Mabonge

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hapa ndipo nitakaa. Kabla ya kumwaga, angalia mabonge yako wapi.

Yakiwa yameshika kikorogeo kama ngozi nene na ya mpira, tatizo ni mwendo. Mizunguko ikiwa michache mno, stairini inaelea kama tabaka, inagandia juu na kunata kwenye fimbo. Ikiwa mingi mno, kunatokea shimo la kimbunga katikati, hewa inavutwa ndani, na chembe zinagongwa kwa nguvu kuliko ukinzani wa chaji zake. Kati ya 250 na 350 kwa chupa ya nusu lita ni mahali salama, mradi bapa la kikorogeo liwe karibu na mpaka wa mafuta na maji bila kulirusha. Kisumaku cha kukorogea kinachosaga sakafu ya chupa kitakuachia pete ya plastiki kila mara. Kwa mililita 20 za majaribio kinavumilika, kwa zaidi ya hapo hapana.

Yakiwa kwenye ukuta, juu ya mstari wa kimiminika, ni stairini iliyopanda kama mvuke na kugandia huko, au lateksi iliyorushwa ikakauka. Ni takataka tu, haiathiri kilichomo. Chuja kwa kitambaa cha nailoni uendelee.

Yakiwa ni mchanga mweupe uliosambaa kila mahali, tatizo ni chumvi, na hapo swali ni maji yako yametoka wapi. Kila chembe imezungukwa na wingu la ayoni, na unene wa wingu hilo ndio umbali ambao chembe mbili huanza kukataana. Kwa mapishi yetu, pasalfeti peke yake inaacha wingu la karibu nm 3.3. Ukiiongeza mara mbili, linabaki nm 2.4. Ukifika chumvi ya moli 0.1 kwa lita, halizidi nm 1, na nguvu za mvutano zinashinda. Hayo ni kwa ayoni zenye chaji moja. Kalisi na magnesi, zenye chaji mbili, huua lateksi kwa kiasi kidogo mara nyingi zaidi. Nadharia katika hali yake kali inasema hadi mara 64. Maji ya kisima cha pwani yana vyote viwili. Hata maji ya bomba yanatosha kuharibu.

Na yale maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta? Baadhi ni mazuri, baadhi si maji ya kukeneka hata kidogo, na chupa nyingine iliyo karibu nayo kwenye rafu ni asidi. Pima upitishaji umeme. Ikizidi maikrosimensi 10 kwa sentimita, yaoshee vyombo.

Sabuni iliyobaki kwenye vyombo nayo hubadilisha matokeo, lakini kwa upande mwingine: huzaa chembe nyingi na ndogo. Aliyeosha chupa kwa sabuni ya vyombo akapata nm 250 asishangae.

Yakiwa ni mabonge machache, makubwa, katika lateksi iliyo nzito kuliko asilimia 20 ya polima, mapishi yamevuka uwezo wa salfeti peke yake. Hapo ndipo sabuni inapohitajika kweli, ama kiasi kidogo cha monoma (molekuli ndogo inayoungana kuwa polima) yenye chaji, kama sodiamu stairini salfoneti.

Leo nm 500, kesho nm 430

Idadi ya chembe huamuliwa katika dakika za mwanzo, wakati ule wa ubluu. Baadaye chembe hukua tu. Kwa hiyo makosa ya dakika hizo hubaki mpaka mwisho, na hakuna kitakachoyarekebisha saa kumi baadaye.

Joto ndilo linaloongoza. Kwa mlinganyo wa Bristol, kosa la nyuzi 2 linasogeza kipenyo kwa karibu asilimia 5, yaani nm 25 kwetu. Kutoka nyuzi 70 hadi 80 unashuka kutoka 500 hadi 400. Watu wengi humwaga pasalfeti ikiwa katika maji baridi ya gramu 20, na papo hapo chupa inashuka nyuzi kadhaa wakati ule ule ambao haipaswi kushuka. Pasha mmumunyo huo kwanza, umwage mara moja, uanze kuhesabu saa.

Jambo linaloshangaza wageni ni hili: bila chumvi ya nje, kubadilisha pasalfeti peke yake hakusogezi kipenyo sana. Radikali zaidi zinataka chembe nyingi na ndogo, lakini chumvi inayokuja nazo inafanya vichembe vichanga viungane. Pande mbili zinafutana. Ukitaka chembe ndogo, punguza stairini au pandisha joto.

Wenye SDS wana mtego wao. Sabuni hiyo huanza kufanya miseli, vifungu vidogo vya molekuli za sabuni, kwenye milimoli 8 hivi kwa lita, karibu gramu 2.3. Ukikaa karibu na mpaka huo, kosa dogo la mizani linakupeleka upande wenye miseli au usio nayo, na idadi ya chembe inaruka. Kaa mbali na mpaka, juu au chini.

Unayetaka ulinganifu wa kweli, tumia mbegu. Tengeneza kundi moja kubwa la chembe ndogo, lihifadhi, kisha kila mara zikuze kwa kudondosha stairini taratibu. Hapo hesabu inakuwa ya shule: kipenyo hukua kwa mzizi wa tatu wa uzito. Mbegu za nm 300 zikitakiwa kufika 600, jumla ya polima iwe mara 8 ya mbegu. Na hesabu hiyohiyo ndiyo kipimo bora cha ugonjwa ninachokijua. Ukipata kipenyo kidogo kuliko kilichotabiriwa huku stairini yote imegeuka, kuna kizazi kipya cha chembe kimezaliwa pembeni: ulidondosha haraka mno, au sabuni ilizidi. Ukipata kikubwa kuliko kilichotabiriwa, mbegu zimeungana.

Zaidi ya mikromita moja njia hii huchoka. Chembe kubwa huelea zikiwa zimevimba kwa monoma na huzama zikishakuwa polima. Ndiyo maana John Vanderhoff wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, alipeleka chombo chake cha mmenyuko angani ndani ya chombo cha safari za anga mwaka 1982, na chembe za mikromita 10 zilizotengenezwa huko zikauzwa kuanzia 1985 kama kipimo rasmi. Huko Trondheim, Norwei, John Ugelstad alipata njia ya kufanya hivyo hapahapa duniani kwa kuvimbisha mbegu kwa hatua.

Kipimajoto kinapanda chenyewe

Stairini hutoa karibu kilojouli 70 kwa moli inapogeuka. Gramu 20 ndani ya gramu 200 za maji, hata zikigeuka zote kwa mkupuo, zinapandisha nyuzi 15 tu. Salama. Lakini anayeiga lateksi ya kiwandani ya asilimia 40 kwa kumimina kila kitu mara moja anajiandalia ongezeko la zaidi ya nyuzi 80: maji yatachemka na kuruka. Viwanda hudondosha monoma kwa saa kadhaa kwa sababu hiyo. Ikitokea, toa moto, weka beseni la barafu, acha kondensa iendelee, na kamwe usizibe shingo. Fanya kazi yote chini ya kofia ya moshi. Mwaka 2018 kikundi cha IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kiliiweka stairini katika kundi la 2A, la vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Leza inasema 540, hadubini inasema 490

Mara nyingi vyote viwili ni vya kweli. Kipimo cha leza husoma mwendo wa chembe ndani ya maji pamoja na tabaka linaloandamana nayo, na huwapa wakubwa sauti kubwa mno: kwa chembe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, yenye kipenyo mara mbili hutawanya mara 64. Vumbi kidogo tu linatosha. Chuja maji ya kuzimulia, zimua mpaka lateksi ionekane kama ukungu hafifu, tumia chumvi ya mezani milimoli 10 kwa lita badala ya maji matupu, na subiri sampuli ifikie joto la kifaa, kwa maana mnato wa maji hubadilika karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Kipenyo kikibadilika unapozimua zaidi, mwanzoni ilikuwa nzito mno.

Kifaa hicho hakioni makundi mawili yaliyo karibu. Nm 400 na 500 zikichanganyika kitakupa 460 na kukaa kimya. Hadubini ya elektroni ndiyo inayofichua hilo. Pima chembe mia mbili au tatu, si zile tano nzuri za katikati ya picha. Ukiwa na polimethili methakrilati badala ya polistairini, fanya haraka: miale huisinyaza ukiwa unatazama.

Asubuhi kuna tabaka chini ya chupa

Chembe moja ya polistairini ya nm 500 inazama chini ya milimita moja kwa siku. Tabaka nene la usiku mmoja, basi, si chembe mojamoja, ni mafungu yaliyoshikana. Tabaka la baada ya mwezi ni jambo la kawaida, na likitikiswa linatawanyika lote.

Likitokea baada ya kusafisha kwa mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na sabuni na kuzizuia chembe, uliza kama lateksi ilitegemea SDS. Sabuni imetoka na maji, chembe zimebaki uchi. Lateksi isiyo na sabuni haina ugonjwa huo, ila ikikaa muda mrefu katika joto na asidi, vikundi vya salfeti hukatika kidogokidogo na chaji hupungua. Ihifadhi mahali pa baridi, lakini isigande: barafu huzibana chembe pamoja, na ikiyeyuka unabaki na machicha.

Imekauka kwenye kioo na haina rangi za upinde wa mvua

Kabla ya kulaumu ulinganifu, angalia kipenyo. Chembe za nm 500 zilizojipanga vizuri huakisi kwa nguvu kwenye karibu nm 1200, ambako jicho halioni; utaona mmeremeto hafifu tu ukiinamisha kioo kwenye jua. Kijani kibichi kinataka chembe za kama nm 220. Ikiwa una 220 na bado ni chokaa tupu, kausha polepole zaidi, chini ya kifuniko kilichoachwa wazi kidogo, na maji yake yawe yameondolewa chumvi. Ikibaki chokaa, vipenyo havilingani, na urudi kwenye zile dakika za ubluu.